Amegonga saa yangu kwa funguo za gari mbele ya wageni! Yule bwana wa ghorofa ya sita amenichosha

Fundi_Akrabu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinihesabie makosa ya herufi. Nimetoka kwenye kile chumba cha mikutano sasa hivi, hata jasho halijakauka.

Yule bwana wa ghorofa ya sita. Jina silitaji na halina haja ya kutajwa. Wote mnaopanda lifti ya ule mjengo mnamjua, manukato yake yanatangulia kufika dakika mbili kabla yake, na kwenye ngazi yanakaa mpaka Ijumaa. Huyo huyo. Leo kasimama mbele ya wageni wa makao makuu, watu kama thelathini, akachomoa funguo za gari mfukoni, akagonga kioo cha saa ya ukutani. Ngo, ngo, ngo. Halafu akanigeukia: "Kijana, hii saa yako imekufa. Mtume dereva Kariakoo akalete za elfu kumi na tano."

Imekufa! Saa yangu!

Mjengo ule una saa 64. Nimezifunga mimi, miezi minne juu ya ngazi, bega la kulia mpaka leo haliinuki sawasawa. Si saa za betri zile. Kila moja ina waya mmoja tu nyuma, wa mtandao, umeme unapita humo na muda unapita humo humo. Juu ya paa nimeweka antena ndogo, kama bakuli lililofunikwa, inasikiliza setilaiti za GPS ambazo zimebeba saa za atomu. Antena inaipa muda seva, ile kompyuta kuu, na seva inazigawia saa zote. Kila saa inauliza "saa ngapi?", seva inajibu, na saa inapima lile swali limetumia muda gani kwenda na kurudi, inaukokotoa ule ucheleweshaji, ndipo inasogeza mshale wake. Toka mapokezi panda mpaka ghorofa ya tisa, mshale wa sekunde utaukuta uko pale pale. Kuna sehemu kwenye korido ya ghorofa ya tatu ukisimama unaona saa tano kwa mpigo, na mishale mitano ya sekunde inaruka pamoja kama askari wa gwaride. Mchana wenzangu wakienda kula, mimi napita pale kwanza kuziangalia.

Sasa sikilizeni alichofanya. Wiki tatu nyuma bwana huyu alikwenda semina ya usalama wa mtandao, siku moja, tena kuna mapumziko ya chai mara mbili. Akarudi mtaalamu. Akaagiza fayawoli ya ghorofa yake, ule ukuta wa kuzuia mawasiliano ya mtandao, ifunge kila kitu "tusichokijua". Nikamwambia, mheshimiwa, poti 123, ule mlango wa mtandao, usiifunge, saa ndipo zinapopitia kuulizia muda. Nikaandika barua pepe tatu. Akanijibu neno moja: "Imepokelewa." Ijumaa jioni nimeshaondoka, wakaifunga. Saa saba za ghorofa ya sita zikabaki wikiendi nzima zinauliza saa ngapi, saa ngapi, na hakuna wa kuzijibu.

Na hizi za kwetu zimeundwa hivi: zikikosa jibu kwa muda mrefu haziendi kwa kukisia. Mishale yote inapanda kwenye 12 na kusimama hapo, fundi akipita aone kuna tatizo. Saa inakwambia wazi kabisa kwamba haijui. Mtu mzima mwenye viyoyozi viwili ofisini hawezi kusema hilo neno!

Kwa hiyo leo saa tatu kamili asubuhi wageni wanaingia, na saa ya chumba cha mikutano inasema saa sita. Ameisimamisha yeye, kwa amri yake, kwa mkono wake. Na ndiye anayegonga. Ngo, ngo, ngo. Kioo kimebaki na mchubuko. Nimepita na kitambaa, nikapita na maji ya sabuni, hautoki. Uko chini ya namba 4, mwembamba kama ukucha wa paka, na jua la dirishani likiingia unang'aa. Kila nikiinua macho nauona.

Wageni wakacheka. Mama mmoja wa makao makuu hakucheka, Mungu ambariki huyo mama.

Dereva kweli katumwa Kariakoo, na saa saba za plastiki zimeshatundikwa. Mnajua zile zinavyofanya kazi? Ndani kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, halafu joto likibadilika kinabadilika nacho. Hata ikiwa nzuri, mwezi ukiisha imekosea sekunde kumi na kitu, na kila moja inakosea kwa upande wake. Na hapo ni kama zimeanza pamoja! Hizi kila mtu kairekebisha kwa simu yake. Nimepita sasa hivi: masjala ni saa tano na dakika mbili, uhasibu ni saa tano kasoro dakika tatu, mlangoni kwake yeye ni saa tano na dakika sita. Korido moja, hatua kumi na tano, tayari kuna dakika tisa zimepotea.

Utaratibu unaoziongoza saa zangu kuulizia muda kwenye mtandao unaitwa NTP, aliyeubuni ni David Mills, baadaye akawa profesa Delaware kule Marekani. Maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1985. Yule mzee alizaliwa na ugonjwa wa macho, uzeeni akapofuka kabisa. Amefariki Januari 2024. Mtu asiyeona vizuri ametuwekea dunia nzima kwenye sekunde moja, na mwenye macho mawili na miwani juu yake anagonga kioo kwa funguo!

Ngo, ngo, ngo. Mbele ya wageni. Niambieni kama kuna mtu amewahi kufanyiwa hivi. Chakula hakipiti.

kichwa_panzi

Nimesoma mpaka mwisho moyo unanidunda nikidhani kuna msiba. Kumbe saa ya ukutani.

Binti_Mchikichini

Picha ya mchubuko iko wapi mkuu? Bila picha hii ni chai, tena imekolea tangawizi.

Fundi_Akrabu

Picha hiyo hapo. Chini ya namba 4.

Binti_Mchikichini

Naona saa. Mchubuko sijauona. Huo si mwanga wa taa?

Fundi_Akrabu

Ikuze picha! Si mwanga! Nimezima taa nikapiga tena, angalia ya pili!

jalada_jekundu

Mimi niko masjala, ghorofa hiyo hiyo, na nilikuwepo naandika muhtasari wa kikao. Ni kweli aligonga. Aligonga mara nne.

Lakini fundi na wewe tusemezane. Mashine ya kidole pale mlangoni umeiunganisha na seva yako hiyo hiyo. Zamani ukiingia saa mbili na dakika nne, mlinzi anakuandikia saa mbili, mnasalimiana, mnaulizana watoto. Sasa mashine imeniandika 08:00:37 na mwisho wa mwezi nimekatwa. Nimekatwa kwa sekunde 37! Sekunde 37 ni kufunga mwavuli tu. Wewe unalia na kioo, mimi nalia na mshahara.

Fundi_Akrabu

Mara tatu. Nilizihesabu.

Na mwavuli ungeufungia ndani, dada yangu.

kichwa_panzi

Mkuu umeumizwa kweli, ila hapo kwenye kuangalia mishale mitano wakati wenzako wanakula, tafuta mchumba.

Mzee_wa_Jahazi

Wanangu, mimi kero yangu ni hizo za tarakimu. Kwa nini zinaandika 09:00 na ni saa tatu? Mjukuu wangu juzi ananiambia, "Babu, tutaondoka saa tisa asubuhi." Saa tisa asubuhi! Nikamwambia saa tisa mimi nimeshakula, nimeshalala, nimeshaamka. Saa ya mishale haina shida, mshale ukiwa kwenye 9 sisi tunasoma 3 ya ng'ambo yake, tumezoea tangu shule. Ya tarakimu haina ng'ambo.

seva_ya_bati

Mzee hilo ni rahisi mno. Sisi tuko UTC+3, yaani masaa matatu mbele ya muda wa rejea wa dunia. Fundi akiziwekea UTC-3 zinarudi nyuma saa sita kamili, 09:00 inakuwa 03:00. Huo ndio muda wa Buenos Aires. Argentina yote inakwenda kwa saa ya Kiswahili na hawana habari.

Mzee_wa_Jahazi

Kumbe inawezekana! Basi fundi afanye leo leo.

Fundi_Akrabu

HAIFANYIKI. Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu, lakini wafanyakazi mia tatu wakiamka kesho wakute mapokezi inaandika 02:00, mimi nitafukuzwa kabla ya chai. Na mada ni funguo, wakuu.

Mmanyema_Hamburg

Punguza jazba ndugu yangu. Mimi huku Ujerumani, mwaka 2018, kuanzia Januari mpaka mwanzo wa Machi, saa za majiko na za redio zilichelewa karibu dakika 6, Ulaya bara karibu yote. Chanzo ni mvutano wa umeme kati ya Serbia na Kosovo. Saa zile zinahesabu mizunguko ya umeme, 50 kwa sekunde. Umeme ulipopungua kasi kidogo, nazo zikapungua. Nikakosa basi la kazini siku mbili mfululizo kwa kuiamini saa ya jiko.

kichwa_panzi

Ulaya tena. Huku umeme ukikatika saa ya jiko inaanza upya na sifuri sifuri zinawaka mpaka mwaka unaisha. Dakika 6 ningezipokea kwa mikono miwili.

Fundi_Akrabu

Sasa hapo Mmanyema amesema jambo. Ndiyo maana za kwangu hazihesabu umeme, zinauliza seva. Zikikosa jibu, zinasimama. ZINASIMAMA. Na yeye anazigonga.

Jirani_wa_Umoja

Poleni sana watani. Hapa Nairobi kwetu saa ziko sawa, lifti ndiyo imetushinda. Orofa kumi na mbili, lifti moja, na hiyo moja iko na bibi mmoja wa fedha ambaye huishikilia mlango na mguu akimalizia simu. Mguu! Jumanne tumesimama dakika kumi tukimsikiliza akiagiza viazi.

jalada_jekundu

Jirani usinikumbushe lifti. Sisi leo tumeshuka kwa ngazi, na unajua kwa nini? Kantini ya chini bado ina saa ya fundi. Ghorofa ya sita tuna ya plastiki. Kwetu ilikuwa saa saba kasoro tano, tukasema tunawahi. Tunafika chini, kumbe ni saa saba na dakika tatu, foleni imefika mlangoni na wali umekwisha. Zimebaki chapati.

Fundi_Akrabu

Mmeona! Mmeona sasa! Siku ya kwanza tu hiyo!

Binti_Mchikichini

Chapati za kantini hiyo nazijua, nilifanya mafunzo ghorofa ya pili. Zamani unaikunja mara nne inabaki laini. Siku hizi ukiikunja mara moja tu inavunjika.

kichwa_panzi

Na imepungua. Mwanzo ilifunika sahani, sasa inafunika maharage.

jalada_jekundu

Bei lakini imekua. Ilikuwa mia tano, sasa mia saba, na ukimuuliza anakwambia ngano, ukimuuliza ngano imepanda lini anakupa mgongo.

Mzee_wa_Jahazi

Chapati ya maji mnaijua nyinyi? Ya nazi? Hizo zenu ni karatasi.

Fundi_Akrabu

Wakuu tafadhali. Kuna mtu yeyote aliyeiangalia picha ya pili?

Jirani_wa_Umoja

Huku kwetu chapati ni thelathini na ni nzito, ukila mbili unalala kazini. Mzee hiyo ya nazi inapikwa aje?

Mzee_wa_Jahazi

Tui la kwanza, si la pili. Watu wengi ndipo wanapoharibu.

Fundi_Akrabu

Ngo, ngo, ngo, jamani. Mbele ya wageni thelathini.

Binti_Mchikichini

Mzee, na sukari unaweka au iliki peke yake inatosha?