Mkeka (tiketi ya kubeti) wa watu watano umetiki, kodi imekatwa laki sita, wenzangu wanasema nimekula mimi. Naombeni ushauri

Mvuvi_wa_Igombe:

Habari zenu wakuu. Naandika hapa maana leo ni siku ya nne silali vizuri na sina wa kumwambia.

Sisi ni watu watano tunavua dagaa huku Igombe, Mwanza, mtumbwi ni wa tajiri mmoja. Wanaoijua kazi hii wanajua mwezi ukiwa mkubwa dagaa hafuati taa, kwa iyo zile siku tunavuta mtumbwi nchi kavu tunashona nyavu tunapiga stori. Ndo siku ambazo tulikuwa tunachanga buku buku tunaweka mkeka mmoja kwa simu yangu, sababu ya kwangu ndo inakaa na chaji. Tumefanya ivo karibu miaka miwili. Mikeka yote inachanika, mara moja tu tulipata elfu kumi na nane tukanunua mchele.

Jumapili hii mkeka umetiki. Mechi kumi na moja zote! Tulikuwa tumekaa juu ya mtumbwi uliofunikwa, simu inapita mkono kwa mkono, kila mtu kaona kwa macho yake imeandikwa ushindi 4,000,000. Watu wamelia jamani, mmoja mke wake ana mimba ya miezi nane alikuwa hana hata kanga ya kwenda nayo kliniki.

Sasa hela ilipoingia imeingia 3,400,000. Msg inasema kodi 600,000. Mi nikagawa palepale 680,000 kila mtu, na yangu hiyo hiyo sijaongeza hata mia. Kaka mkubwa wa mtumbwi, ambaye ndo alinifundisha kazi, akakataa kupokea. Hakupiga kelele, akaniangalia tu akasema, mdogo wangu, mafuta ya injini yakikatwa kabla ya mgao dumu tunaliona, tunalibeba wenyewe. Hiyo kodi dumu lake liko wapi?

Nimemuonesha msg anasema msg hata mtoto anaandika. Wawili wamechukua hela ila hawanisalimii vizuri. Tunarudi ziwani wiki ijayo giza likiingia na mi siwezi kukaa usiku kucha katikati ya maji na watu wanaoniona mwizi.

Nauliza mambo mawili. Kwanza nafanyaje wanielewe. Pili, hii kodi yenyewe ni ya haki kweli? Maana nimekaa na daftari, tuseme mikeka sita kwa mwezi, elfu tano kila mkeka, miaka miwili, inakuja laki saba na ishirini tumepoteza. Hizo hakuna aliyezihesabu. Siku moja tu tumepata, ndo tumehesabiwa.

Mhasibu_Nyegezi:

Pole sana mkuu, na hongera pia. Nianze na hesabu ili utulie, laki sita kwenye milioni nne ni asilimia 15 kamili, na ndo kiwango chenyewe cha ushindi wa kubeti michezo kwa sasa. Hujaibiwa na wewe hujaiba. Zamani kilikuwa 20, mwaka 2021 kikashushwa 15, baadaye kikaja 10, bajeti ya 2025 ikakirudisha 15. Kwa iyo kama kuna mwenzenu anakumbuka jamaa yake alishinda akakatwa kidogo inawezekana kabisa anasema kweli, ulikuwa wakati mwingine.

Inayosimamia michezo hii ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ipo kwa sheria ya mwaka 2003, lakini kukusanya kodi yake ni TRA (Mamlaka ya Mapato) tangu Julai 2017. Kampuni inakata kabla haijakupa, inapeleka yenyewe. Wewe huulizwi unataka au hutaki.

Dumu la kaka mkubwa lipo. Ingia kwenye akaunti yako ya kubetia, sehemu ya historia, fungua ule mkeka, utaona kiasi ulichoweka, ushindi, kodi, na kilicholipwa. Usimuoneshe msg, muoneshe hiyo. Af nenda duka la mtandao wako wa simu na kitambulisho waombe taarifa ya miamala ya siku ile wakuprintie na wagonge muhuri. Hapo itaonekana ilivyoingia 3,400,000 na hakuna nyingine iliyoingia.

MamaDagaa_Mwaloni:

Mwanangu nakuonea huruma, maana hela ya bure inavunja udugu kuliko njaa. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na saba huu.

Kuhusu haki nikuambie ninavyoona mimi. Gunia langu likiingia sokoni nalipa ushuru kabla sijauza hata kisado kimoja. Mvua ikinyesha dagaa wakalowa wakaoza, ushuru nimeshatoa, haurudi. Sasa mtu amekaa, ameshika simu, amepata milioni nne kwa elfu tano, halafu asikatwe? Mimi ninayepeta dagaa juani nikatwe yeye aachwe? Hapana. Kodi ya ushindi naikubali kwa moyo wote, tena inamkuta mtu akiwa nacho.

Ila nisichokitaka ni kukata kwenye tiketi yenyewe. Maana anayenunua tiketi ni nani, ni huyo huyo kijana wa mwalo mwenye buku moja. Yule anayekosa ndiye mwenye hali mbaya na ndiye angekatwa kila siku. Kijana wangu wa pili alimaliza mtaji wangu wa magunia manne kwenye hiyo michezo, kila jioni elfu mbili elfu tatu, mimi najua anakula chipsi mjini. Serikali ingemkata pale pale kwenye tiketi ingekuwa inakula na yeye kwenye sahani ya mtaji wangu.

JaKisumu:

Mama umesema ukweli, na sisi huku Kenya tumeishi hayo unayoogopa. Mimi niko Kisumu, upande huu mwingine wa ziwa, hata hapa Dunga vijana wa mashua ni hivyo hivyo. Kwetu ushuru uliwekwa kwenye dau lenyewe, yaani ile pesa unayobetia. Ilikuwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ikawa 12.5, mwisho wa 2024 ikapanda 15. Unaweka shilingi mia, kumi na tano zimeenda kabla mpira haujaanza, kisha ukishinda unakatwa tena asilimia 20. Vijana walilia sana. Sheria ya fedha ya 2025 ikabadilisha, sasa ni asilimia 5 unapoweka pesa kwenye akaunti ya kubeti na asilimia 5 unapoitoa.

Sasa angalia hiyo ya kutoa. Hawaulizi kama ulishinda. Ukiweka pesa ukaghairi ukaitoa, umekatwa kuingia na umekatwa kutoka. Kwa hivyo ndugu yangu wa Igombe, asilimia 15 ya ushindi peke yake inauma lakini angalau ilingoja ushinde.

Kijana_Buhongwa:

Kwangu mi wangemuacha mchezaji kabisa, mshindi na aliyekosa wote. Wakate kampuni basi. Ndo wenye hela, matangazo kila kona, ukifungua redio wao, jezi wao.

Mhasibu_Nyegezi:

@Kijana_Buhongwa kampuni nayo inakatwa, tena kivyake. Wanachukua dau zote zilizoingia wanatoa zawadi zilizolipwa, kinachobaki ndo mapato ghafi na hapo kuna kodi. Kwa iyo ile laki saba na ishirini ya jamaa wa Igombe haikupita bure, ilivyobaki kwa kampuni ilikatwa kodi. Watu hawalioni hili maana halitokei kwenye msg ya mtu yeyote.

Unachosema kipo kwa namna fulani Uingereza. Bahati nasibu yao ya taifa, mshindi anachukua yote, hakatwi. Lakini kuna ushuru wa asilimia 12 ndani ya bei ya tiketi. Kwa iyo hela inatoka kwa waliokosa zaidi, kama alivyosema mama wa Mwaloni. Marekani ni kinyume, ushindi unahesabiwa ni kipato kama mshahara, ila mtu aliyetunza kumbukumbu anaweza kutoa sehemu kubwa ya alichopoteza, sio zaidi ya alichoshinda. Ile daftari yako ya Igombe kule ingekuwa na kazi. Hapa kwetu haina, na kwa maoni yangu hilo ndo eneo ambalo una hoja ya haki kabisa. Mtu aliyechanga miaka miwili na mtu aliyeweka mara moja wanakatwa sawa.

Abuu_Pansiansi:

Kaka mi sitakuficha, kamari ni kamari. Kodi ikikatwa haifanyi kuwa halali na isipokatwa haifanyi kuwa halali. Rudisheni akili kwenye nyavu. Samahani kama nimekuumiza ila nakupenda ndo maana nasema.

Dada_Mabatini:

Jamani niongeze kitu kabla uzi haujaenda mbali, maana najua habari ya ushindi wenu itakuwa imeshazunguka mwalo mzima. Utapigiwa simu. Mtu atajiita afisa, atasema bado kuna kodi ya pili, tuma laki moja na nusu kwenye namba hii ili jina lako lifutwe. Mama yangu mdogo wa Sengerema alipigiwa akaambiwa ameshinda pikipiki, alipe kodi kwanza ndo apelekewe, akauza mbuzi wawili. Pikipiki hakuna hadi leo na yule namba hapatikani. Hata wenzako wanne waambie. Kodi ya ushindi inakatwa KABLA hela haijakufikia, hakuna mtu anapiga simu kuomba utume. Akipiga, andika neno UTAPELI tuma 15040 watakuuliza namba yake, ni bure.

Na mwambie yule wa mimba asimwambie mtu ana shilingi ngapi.

Mvuvi_wa_Igombe:

Wabeja (asante) sana mayu wa Mwaloni, na wengine wote. Dada wa Mabatini umenishtua, jana kuna namba ngeni imepiga mara tatu nikaiacha sababu nilikuwa na hasira tu.

Mhasibu nimeingia kwenye historia nimeikuta kama ulivyosema, ipo mistari minne na kodi ina mstari wake. Ila nina wasiwasi kaka mkubwa atasema na hiyo ni simu yangu. Yeye hajasoma sana, anachoamini ni anachoshika.

Mzee_Kamanga:

Kijana, usimpelekee karatasi wewe. Umri wake na heshima yake hauruhusu afundishwe na mdogo wake mbele ya wenzie. Muombe tajiri wenu aite watu wote watano, yeye ndiye anayegawa mgao miaka yote na wanamwamini. Yeye ndiye apige namba ya huduma kwa wateja ya hiyo kampuni, aweke sauti ya nje, wewe utaje namba ya akaunti, aulizwe mhudumu mbele ya wote. Wewe kaa kimya. Hiyo 680,000 ya kaka yako usiitumie hata senti, mkabidhi tajiri akae nayo mpaka siku hiyo.

Mvuvi_wa_Igombe:

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho. Nilienda mjini nikaprinti, nikampa tajiri karatasi na hela. Leo asubuhi tumekaa pale pale juu ya mtumbwi. Tajiri akapiga, tumesubiri muziki wao dakika kama ishirini, dada akapokea akataja tarehe, milioni nne, kodi laki sita, kilicholipwa 3,400,000. Kaka mkubwa akamwambia arudie. Akarudia. Akauliza, hiyo laki sita umeiweka wapi binti? Dada akasema inakwenda TRA baba, hata sisi haibaki kwetu.

Akanyamaza muda mrefu. Akachukua ile karatasi akaikunja akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na hela. Akasema TRA nao wangekuja kuvuta mtumbwi basi, ila hakunitazama vibaya tena. Akaniuliza taa zangu mbili nimeshachaji? Nikamwambia bado. Akasema kachaji, keshokutwa tunaingia.