Kahawa ya robusta imefunga juu kama kichaka, nipogoe vipi?

Mkulima wa Masaka: Habari zenu wakubwa. Nina robusta ya miaka sita, matawi yamebanana mpaka ukiingia katikati mchana unaona giza, majani ya chini yanadondoka na kahawa inabeba juu tu. Nikikata naogopa kupoteza msimu, nifanyeje?

Dada wa Mukono: Pole kaka. Hesabu kwanza mashina kwa kila mti, nina hakika yamezidi matatu. Acha mawili au matatu, machipukizi mengine yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini. Tena kifundo, pale kwenye tawi panapotoka majani na kahawa, kikishazaa mara moja ndo basi, kwa hiyo lile tawi refu lenye majani machache nchani unalolionea huruma halikupi kitu, linakula chakula cha wenzake tu. Na yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa vitawi anapenda kivuli kizito, ukiona kitawi kimekauka chenye kitundu upande wa chini, kata uchome moto.

Mzee wa kitalu: Umesema vizuri mwanangu. Mimi naongeza, usikate shamba lote kwa mpigo, fanya mistari michache mwaka huu mingine mwakani, utaendelea kuvuna. Ila je, ulipanda mbegu au vipandikizi? Robusta haijichavushi, inapokea chavua ya mti mwingine, kwa hiyo miche ya mbegu kila mmoja unakuja na umbo lake. Ndo maana mimi napenda zile KR, aina za robusta kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza, zinafanana na zinavumilia ugonjwa wa mnyauko.

Mkulima wa Masaka: Ni mbegu mzee, na nilipanda futi saba kwa saba.

Mzee wa kitalu: Eh! Hapo ndo tatizo, ilitakiwa kumi kwa kumi.