Kitako cha gobore la babu kinanata na kina ukungu, nikipake nini?

Raskazoni_boy
Wakuu salaam. Nipo Tanga, huku upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Tumeachiwa gobore la babu, kibali kipo na kimeshahamishwa jina polisi so hilo tusilijadili, shida yangu ni mbao. Kitako kimepauka, kina ukungu mweupe karibu na triga, na upande mmoja pamebonyea. Bi mkubwa alikuwa anakipaka mafuta ya nazi kila Idi, sasa ukikishika kinanata. Fundi fenicha wa mtaani anasema nimpe apige msasa mpaka paoneke papya halafu apige vanishi, roho inasita maana kuna alama babu alichonga kwa kisu. Mnanishaurije?

Fundi_Ngamiani
Mkuu usimpe kabisa! Msasa ukipita hapo alama zimeondoka, na mbao inashuka chini ya chuma pale vinapokutana, hairudi tena hiyo.

Ila kabla ya yote, una uhakika halijashindiliwa? Magobore mengi ya wazee yamekaa na baruti ndani miaka na miaka. Geuza mdomo wa mtutu usikuelekee wewe wala mtu, ingiza ufito taratibu mpaka ugote, weka alama, toa ulinganishe kwa nje. Ukiishia mbali na pale linapowashwa, kuna kitu ndani, acha hapohapo wapigie polisi.

Likiwa tupu, chukua kitambaa na tapentaini kidogo, futa ukifuata nyuzi za mbao, nje penye hewa. Mafuta ya nazi hayakauki ndo maana yananata na kushika vumbi. Baadaye paka linsidi (mafuta ya mbegu za kitani), nyembamba sana, sugua kwa kiganja mpaka uhisi joto, subiri kama robo saa ufute yote iliyobaki juu. Kesho yake au keshokutwa rudia. Ukipaka nzito utapata gamba linalonata kuliko hilo la nazi.

mama_Bagamoyo
Pale palipobonyea weka kitambaa cha pamba kibichi, gusisha pasi ya moto kidogo tu, mvuke unavimbisha mbao inapanda. Fanya kabla ya kupaka mafuta. Pakiwa pamekatika nyuzi hapapandi, na alama za babu usizisogelee na pasi.

Mzee wa Jahazi
Sisi majahazi tunapaka sifa, yale mafuta ya papa, haifai kwake?

Fundi_Ngamiani
Shekhe sifa ni ya baharini, ndani ya nyumba mtahama kwa harufu. Halafu @Raskazoni_boy matambara ya linsidi usiyafinyange ukayatupa kona, yanapata joto yenyewe na kuwaka moto kweli. Yaanike yamekunjuliwa nje mpaka yakakamae. Na usilihifadhi gobore kwenye mfuko wa ngozi wala blanketi, vinashika unyevu wa chumvi. Mdomo uelekee chini ili oili ya chuma isishukie kwenye mbao, inailainisha ikawa nyeusi.

Raskazoni_boy
Shukrani sana wakuu, jioni naanza na ufito. Hadwea wana linsidi mbichi na iliyochemshwa, nichukue ipi?

Fundi_Ngamiani
Iliyochemshwa. Mbichi kwa unyevu wa huku utasubiri wiki nzima na zaidi mpako mmoja ukauke.