Mchujo wa wagombea urais: chekeche lishikwe na nani?

Mjumbe wa Shina

Ndugu zangu, nimekuwa mwanachama wa CCM kwa zaidi ya miaka 30, lakini sijawahi hata mara moja kuulizwa ni nani apeperushe bendera ya chama katika uchaguzi wa rais. Mwaka 2015 makada 42 walichukua fomu, wakazunguka mikoani kutafuta wadhamini, nasi tukawadhamini kwa moyo mweupe. Kisha Kamati Kuu ikakaa Dodoma na kurudisha majina 5, Halmashauri Kuu ikayapunguza hadi 3, na Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104. Sibishi matokeo hayo. Ninachouliza ni hiki: tukitaka kuurekebisha utaratibu huu, tuanzie wapi? Je, kila mwenye kadi apige kura, au wajumbe waongezwe tu?

Msomaji wa Katiba

Ndugu Mjumbe, mimi ningeanzia pale majina yanapokatwa. Mkutano Mkuu ukiachiwa ushindani wa kweli hupiga kura ya kweli: mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza mbele ya Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya bila kufikisha nusu, na katika duru ya pili Mkapa akamshinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Tatizo ni kwamba wajumbe huchagua kati ya waliobakizwa. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa halikufika hata Halmashauri Kuu, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kupinga jinsi mchujo ulivyofanyika. Kabla mwezi haujaisha Lowassa alikuwa Chadema, na Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais.

Chama kinaweza kuwa na sababu nzuri ya kumkata mtu, lakini sababu isiyoandikwa haiwezi kujibiwa. Tena ibara ya 39 ya Katiba ya nchi yetu inamtaka mgombea urais awe amependekezwa na chama, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Kwa hiyo anayekatwa na chama chake hana njia nyingine ila kuhama. Napendekeza kikao kinachokata jina kiandike sababu, kimpe mhusika nakala, na apewe siku chache za kukata rufaa Halmashauri Kuu.

Mwana wa Pwani

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila idadi ya wajumbe nayo si jambo dogo. Chama cha NPP cha Ghana kilikuwa na wajumbe wapatao 2,300 walipochagua kati ya wagombea 17 mwaka 2007. Kufikia mwaka 2010 kilikuwa kimepanua wapiga kura hao hadi zaidi ya 100,000, kwa kuingiza viongozi wa chama wa ngazi ya vituo vya kupigia kura. Tajiri mmoja anaweza kuwafuata wajumbe 2,000 hotelini na bahasha; 100,000 hawafikiki hivyo. Huko pia kuna mchujo, lakini ni wa kura: Agosti 2023 kikao cha viongozi kiliwapunguza wagombea kutoka 10 kwa kura zilizohesabiwa na kutangazwa. Suala la kila mwenye kadi ningelisubirisha mpaka daftari la wanachama liaminike.

Mjumbe wa Shina

Nawashukuru. Nimeelewa kwamba rufaa na kura ya mchujo vinaweza kuingizwa kwenye katiba ya chama bila kugusa Katiba ya nchi. Lakini Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee kabla ya fomu kutolewa. Mkutano wenyewe ukiamua kuufupisha utaratibu, rufaa hiyo mtu ataipeleka kwa nani?

Msomaji wa Katiba

Hapo, ndugu yangu, ndipo Sheria ya Vyama vya Siasa inapopaswa kuingia: iweke muda wa lazima wa kuchukua fomu kwa kila chama, cha upinzani na kinachotawala, ambao kikao chochote cha chama hakiwezi kuufuta.