Nataka somo la pili liwe Historia, wadau mnasemaje?

Chuno_Kwetu:
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa kwanza shahada ya ualimu hapa Mtwara, somo langu kuu ni Jiografia. Semista ijayo nataka somo la pili liwe Historia. Ugumu wake ukoje, na je, linaendana na Jiografia? Dirisha la kubadili linakaribia kufungwa, hata usingizi sipati. Ushauri tu jamani, matusi hapana.

Mwambao_Kusini:
Yanaendana sana, hasa huku kwetu. Biashara ya Bahari ya Hindi utaisoma Kilwa Kisiwani: msafiri Ibn Battuta alifika 1331, na Wareno wa Francisco de Almeida wakauvamia mji 1505. Upinzani dhidi ya Mjerumani, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Ukitaka masomo yote mawili yakutane, chukua mradi wa karanga wa Mwingereza kule Nachingwea, 1947 hadi 1951. Mvua, udongo, reli, bandari ya Mtwara, vyote vimo. Hapo tayari una mada ya utafiti wa mwaka wa tatu.

Mzee_wa_Mikindani:
Umeruka Tendaguru. 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Lindi, leo imesimama Berlin.

Bangua_Korosho:
Mzee, dinosaria ni jiolojia, si historia.

Mzee_wa_Mikindani:
Na waliobeba ile mizigo kichwani kutoka porini hadi bandari ya Lindi, nao ni jiolojia?

Mama_Krediti:
Turudi kwa mleta mada. Mdogo wangu, hujasema mambo mawili. Kidato cha sita ulisoma kombi gani? Na somo la pili ulilonalo sasa ni lipi?

Chuno_Kwetu:
Kombi EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hesabu. La pili kwa sasa ni Hesabu. Ila Historia naipenda tangu zamani.

Bangua_Korosho:
Loh! Dogo anaacha Hesabu! Nyie vijana mnapenda mteremko.

Mama_Krediti:
Ndiyo maana niliuliza. Kwa kawaida vyuo hutoa somo la kufundishia kulingana na ufaulu wa kidato cha sita, na EGM haina Historia. Pili, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja somo: Mwalimu Daraja la III C Hisabati ni nafasi yake, Historia ni nafasi nyingine, na kwenye Historia foleni ni ndefu. Tatu, kama una mkopo, pitia ofisi ya mikopo ya chuo kabla hujasaini chochote, kwa sababu ualimu wa sayansi na hisabati umewahi kupewa kipaumbele.

Mwambao_Kusini:
Foleni ni kweli, ila mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima na linafundishwa kwa Kiswahili. Walimu watahitajika.

Chuno_Kwetu:
Asante Mwambao, hiyo ndiyo hoja yangu. Halafu Historia nina C, sijakurupuka. Na fomu nimeshajaza, imebaki sahihi ya mkuu wa idara.

Nyangao_Stendi:
Chai hii, uongo mtupu. EGM haina Historia. Hiyo C ya Historia aliipata wapi, sokoni? Mtu anaomba ushauri na fomu ameshajaza! Mods ufungeni huu uzi.

Bangua_Korosho:
Chai ya tangawizi kabisa, imekosa vitumbua tu.

Chuno_Kwetu:
C ya kidato cha nne wakuu, si chai! Haya, nasema: nina sapu ya kalkulasi, mtihani wa marudio. Nikibaki na Hesabu naogopa disko, kuondolewa chuo.

Mama_Krediti:
Hilo ndilo ungeanza nalo. Sasa tupige hesabu, usikimbie. Tuseme kozi ina krediti 12, yaani uzito wake. Ukifaulu sapu, vyuo vingi vinakupa C, pointi 2, yaani 24. Ungepata B+ ni pointi 4, yaani 48. Tofauti ni 24. Gawa kwa krediti 120 za mwaka, umepungukiwa 0.2 ya GPA (wastani wa pointi) ya mwaka. Gawa kwa 360 za shahada nzima, haifiki 0.07. Huo si msiba. Na usidhani kubadili somo kunafuta kozi uliyofeli. Soma kanuni za mitihani za chuo chako, kisha muulize msajili kama utaendelea kudaiwa.

Nyangao_Stendi:
Basi, chai naiondoa mezani. Ila Historia ya chuo si kimbilio. Wengi huanguka kwa sababu wanaandika kama kidato cha sita: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Chuoni unatakiwa uwe na dai moja na ulitetee kwa ushahidi. Mfano Maji Maji: weka ripoti za Wajerumani upande huu, upande ule masimulizi ya wazee ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda kuyakusanya vijijini 1968. Zinagongana wapi? Nani aliandika, kwa ajili ya nani, miaka mingapi baada ya tukio? Maksi zipo hapo. Ukinakili bila kutaja chanzo, kazi inarudishwa.

Chuno_Kwetu:
Kuandika naweza. Na nikitaka kwenda Kilwa kwa utafiti?

Mwambao_Kusini:
Barua ya utambulisho ya chuo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Lindi, unashuka wilaya ya Kilwa, halafu kata na kijiji. Ukifika kwa mtendaji bila barua ya wilaya, hakuna mzee atakayekaa kuzungumza nawe. Magofu ya Kisiwani yana kibali chake, unachukua Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti.

Chuno_Kwetu:
Mkuu wa idara yupo Jumatatu. Fomu nimwachie sekretari?

Mama_Krediti:
Usiiache kwa mtu. Anza kwa mshauri wako wa masomo, ubebe matokeo ya kidato cha nne na cha sita. Muulize kama unaweza kubaki na Hesabu na kuchukua kozi moja ya Historia kama ya hiari. Akikubali, fomu uichane. Na tarehe ya sapu ni lini?

Chuno_Kwetu:
Wiki ya pili ya Septemba.

Mama_Krediti:
Basi tafuta mitihani ya kalkulasi ya miaka iliyopita, uanze leo.