Tupeane uzoefu: brashi ya nywele ya 180,000/-, inafaa kweli au tunaliwa hela?

Binti Chumbageni
Wadau habari za jioni. Kuna brashi naiona inauzwa hapa Tanga mjini 180,000/-. Mpini wa mbao, mto mwekundu wa mpira, imelazwa kwenye boksi lenye kitambaa. Muuzaji anasema ni manyoya halisi ya mnyama, inazuia kukatika na inatandaza mafuta toka kichwani mpaka nchani. Nywele zangu kipilipili, sijatia dawa ya kunyoosha, na siku hizi kila nikichana zinabaki nyingi kwenye kitana mpaka roho inaniuma. Mliowahi kununua brashi za bei, nambieni kabla sijatoa hela.

Mama Wawili Sahare
Laki na themanini brashi? Kwangu hiyo ni ada ya shule.

Msusi Ngamiani
Mwanangu, mimi naosha na kusuka vichwa hapa Ngamiani tangu wewe hujaanza kusukwa, nisikilize. Brashi ya manyoya laini ni ya watu wa nywele za singa. Wao mafuta ya ngozi yanateleza kwenye unywele ulionyooka, brashi inayasukuma mpaka chini. Za kwetu zimejikunja toka shinani, mafuta hayashuki hata ukisugua kutwa. Hiyo brashi itapita juu juu, chini kumefungamana vilevile. Kazi yake kwetu ni kulaza nywele za mbele ukitaka kubana, basi.

Kuchana ni hivi: lowanisha, tia kondishona ya kutosha, gawa mafungu, shika fungu karibu na ngozi kwa mkono mmoja ili kichwa kisivutwe, mkono wa pili upite na chanuo la meno mapana kuanzia nchani ukipanda. Usianzie juu. Ukianzia juu unakusanya mafundo yote unayapeleka chini yakawa fundo moja, halafu unalivuta. Hapo ndipo zinapokatikia.

Mdau wa Pongwe
Umemaliza mama. Nchani kupanda.

Mtoto wa Raskazone
Kwa heshima zote, mnapima brashi zote kwa kichwa cha aina moja. Mimi nina ya Mason Pearson, shangazi aliniletea kutoka London. Wale wanatengeneza brashi za mto wa hewa tangu 1885. Nywele zangu ni za dawa, na tangu niipate hazikatiki ovyo, usiku naipitisha taratibu asubuhi zimelala. Mto wake una tundu dogo, ukibonyeza hewa inatoka, ukiachia inaingia, ndiyo maana haikwaruzi ngozi. Ila usiiloweke, maji yakiingia mtoni hayatoki leo wala kesho. Iko ya manyoya matupu, iko ya manyoya na nailoni kwa nywele nzito, na iko ya nailoni tupu.

Na kitu kimoja: zile kubwa huko kwao zinavuka pauni 100, hiyo ni zaidi ya laki tatu za kwetu. Kwa hiyo Binti, kama anakuuzia kwa jina hilo kwa 180,000, iangalie mara mbili.

Ustaadhi Makorora
Samahani, hapo kwenye manyoya halisi ya mnyama. Mnyama gani?

Mtoto wa Raskazone
Nguruwe. Imeandikwa kwenye boksi.

Ustaadhi Makorora
Subhanallah. Na unaipitisha kichwani usiku, halafu alfajiri unatia udhu na kusali?

Mtoto wa Raskazone
Mimi naisafisha. Na ni manyoya, si nyama.

Ustaadhi Makorora
Dada yangu, simkusudii mtu vibaya. Pwani hii wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Mashafi nguruwe ni najisi nzito, mwili wake na manyoya yake. Kilichomgusa kikiwa na unyevu kinaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Na nywele zenye mafuta au maji ni unyevu huo huo. Wamaliki wao wana kauli kwamba manyoya yaliyokatwa si najisi. Kila mtu amuulize shehe wake, lakini ajue anachokinunua.

Mdau wa Pongwe
Mimi nilikuwa sijui hili kabisa. Za pale sokoni pia ni za nguruwe?

Msusi Ngamiani
Za sokoni ni nailoni, mwanangu. Nguruwe wa 2,000/- utampata wapi.

Mkaka wa Muheza
Sisi wengine hilo halituhusu, tunataka kujua inachana au haichani. Mke wangu naye ananidai brashi.

Ustaadhi Makorora
Kama halikuhusu pita kando. Wako linalowahusu.

Mkaka wa Muheza
Nimepita. Swali langu bado lipo.

Ummu Tangasisi
Mmenikumbusha harusi ya mdogo wangu, mpaka leo nikiona brashi ya duara moyo unanidunda.

Nyumba imejaa, turubai limefika kwa jirani. Binamu yetu akaja na brashi ya duara ya bei, imetoka Dubai, akasema saluni ya nini, bibi harusi nampiga blo mwenyewe. Nywele ndefu, za dawa, bado zina unyevu. Akachukua fungu kubwa, akaviringisha mpaka kwenye ngozi, akawasha draya. Kuja kufungua, haifunguki. Akageuza upande wa pili, ndiyo ikajikaza zaidi. Mdogo wangu mikono ina hina mbichi mpaka viwikoni, hawezi hata kujishika kichwa. Machozi yanamtiririka, mimi ndiye namfuta.

Somo akasema kata. Mama akasema atakayeshika mkasi atoke nyumbani kwangu. Tukamimina mafuta ya nazi, tukaanza kuchomoa nywele kwa sindano ya kushonea. Huko msikitini ndoa imeshafungwa, simu zinaita, dufu tunalisikia linakata kona. Akaitwa jirani, fundi baiskeli. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akatoa koleo: "Msivute nywele, ng'oeni meno ya brashi." Tukang'oa jino moja moja, kila likitoka nywele zinalegea kidogo.

Hatukuwahi. Bwana harusi kaingia kumshika utosi na kumsomea dua, brashi iko kisogoni chini ya mtandio, somo amekaa nyuma ameushika mpini usining'inie.

Mama Wawili Sahare
Ya Rabi. Alijua?

Mdau wa Pongwe
Jamani malizia!

Mpwani Halisi
Mimi hapa sikubali. Hina hupakwa usiku, siku ya ndoa imeshakauka na kubanduliwa. Mbichi ya wapi?

Ummu Tangasisi
Mpwani, ya usiku ilitoka hafifu, ikarudiwa kwa piko asubuhi. Ulikuwepo? Kuhusu bwana harusi, alisoma dua akatoka, akaambiwa baadaye na mkewe. Brashi ilitoka saa mbili usiku. Mkasi haukupita.

Mkaka wa Muheza
Kwa hiyo ya duara nisinunue?

Msusi Ngamiani
Ya duara haina kosa. Kosa ni fungu kubwa na maji. Nywele zikauke karibu zote kwanza, fungu lisizidi upana wa brashi, na usiviringishe mpaka kwenye ngozi.

Chanuo la Bagamoyo
Mimi nilihamia vya mti. Huku Bagamoyo wachongaji wanakutolea chanuo la mpingo, unapitisha kidole katikati ya kila jino, ukihisi mkwaruzo unampa alipige msasa palepale. La plastiki lina ule mshono wa kiwandani katikati ya meno, unakata nywele hujui. Usililoweke, lipake mafuta ya nazi.

Mtoto wa Raskazone
Na wenye kipilipili wanaotaka brashi lazima, watafute Denman. Ile ya mistari saba, mto wake unachomoka na mistari ya meno inatolewa. Nywele nzito unapunguza mistari, meno yanaachana. Ni nailoni, Ustaadhi, haina shida.

Ustaadhi Makorora
Barakallahu fik. Na Binti, ukitaka kujua manyoya na plastiki, omba uchomoe jino moja ulichome. Manyoya yananuka unywele ulioungua na kuwa majivu. Nailoni inayeyuka.

Binti Chumbageni
Nimetoka huko sasa hivi. Kulikuwa na jino limelegea, nikaomba nilichome. Limeyeyuka likawa kidonge kigumu cheusi, harufu ya ndoo iliyoungua. Muuzaji akanipokonya boksi akasema sijui vitu vizuri.

Mdau wa Pongwe
Duka lipi hilo?

Binti Chumbageni
Duka nitalihifadhi. Hela yangu ninayo.

Nesi Mstaafu Mabawa
Binti, nimesoma yote, swali moja hakuna aliyeliuliza. Una mtoto mdogo?

Binti Chumbageni
Shikamoo mama. Ndiyo, ana miezi mitano.

Nesi Mstaafu Mabawa
Marahaba. Chukua nywele zinazobaki kwenye kitana, uzitazame kwenye mwanga. Zina kitone cheupe upande mmoja au ni vipande vifupi vifupi?

Binti Chumbageni
Ndefu nzima. Zina kitone cheupe karibu zote.

Nesi Mstaafu Mabawa
Basi hazikatiki, zinapukutika toka shinani. Ukiwa na mimba nywele nyingi hukaa bila kudondoka, mtoto akifika miezi mitatu minne zinaachia kwa pamoja. Hakuna brashi ya kuzuia hilo, ya laki wala ya buku. Kwa wengi zinarudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Zisiporudi, au ukiwa na uchovu na kizunguzungu, nenda wakupime damu.

Binti Chumbageni
Ahsante mama, nilikuwa silali. Na kusuka niache?

Nesi Mstaafu Mabawa
Suka, ila zisivutwe. Ukitoka kwa msusi kichwa kinauma, kafumue siku hiyohiyo, hasa za mbele.

Msusi Ngamiani
Rasta nzito kwa sasa hapana. Njoo Jumatatu asubuhi kabla ya watu, nitakufunga mabutu mepesi. Mtoto mlete, wapo wa kumbeba.