Ushauri: ninunue laptopu sasa kabla ya msimu wa ritani, au ningoje bei ishuke?

SaibaLuanda
Mulembe wakubwa. Nina saiba ndogo hapa soko la Luanda, kando ya barabara ya Kisumu-Busia. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa, fotokopi, eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), HELB (mikopo ya wanafunzi), ritani za kodi za KRA. Alhamisi na Ijumaa ni programu za mazishi tu, maana Jumamosi watu wanazika. Familia inakuja jioni na picha za marehemu kwenye simu na inataka nakala mia mbili kabla ya asubuhi.

Mashine ninayoitegemea ni laptopu ya HP EliteBook 840 G3, ex-UK (iliyotumika Uingereza), Core i5, RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB, diski ya 500GB ile ya kuzunguka. Iko na Windows 10. Siku hizi nikiiwasha asubuhi nafagia duka, napanga karatasi, nafungua printa, na bado haijawa tayari. Nikifungua Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, na kuweka picha tatu nne, kishale kinaganda na mteja anaanza kuniangalia mimi badala ya skrini.

Nimeweka kando elfu 25. Kuna duka Kisumu linaniuzia laptopu ya ThinkPad T480 kwa elfu 33, ama nilipe mdogo mdogo kwa miezi sita, jumla elfu 45. Shemeji yangu anauza simu, naye anasema nisikimbilie, ningoje ofa za Novemba kwa sababu vitu vya elektroniki hushuka bei kila mwaka. Lakini sasa ni Mei, ritani zinafungwa Juni 30, na mwezi huo ndio unaonilipia kodi ya duka. Nifanyeje?

Ja_Kisumo
Nunua sasa. Shemeji anaongea ya zamani. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM na SSD (diski isiyozunguka, ya kasi) imepanda dunia nzima, kwa sababu chipu nyingi zinaenda kwa vituo vya data vya AI, na hao wanalipa bila kuuliza. RAM karibu yote duniani inatoka kwa kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron. Desemba 2025 Micron wakatangaza wanaacha biashara ya Crucial, zile RAM na SSD tulizozoea kununua moja moja. Mpya zikipanda, kila mtu anakimbilia ex-UK, na hizo pia zinapanda. Novemba utapata ofa ya bei ambayo ilikuwa ya kawaida Mei.

Nakuru_Mjini
Nakubali kuhusu bei, ila usiguse hiyo ya mdogo mdogo. Elfu 12 juu ya elfu 33 kwa nusu mwaka? Hiyo ni zaidi ya theluthi. Kama uko na chama cha akiba, kopa elfu 8 huko, ulipe na faida mnayogawana wenyewe. Na kama ni lazima uende kwa hao, uliza kinachotokea ukichelewa malipo wiki moja, wakuandikie kwenye karatasi.

Kijana_wa_Maseno
Weka Linux Mint badala ya Windows. Ni bure, nyepesi, na hiyo G3 itafufuka.

SaibaLuanda
@Kijana_wa_Maseno asante, lakini wateja wananiletea faili za Word zenye mapambo, na violezo vyangu vyote vya mazishi viko Publisher. Ijumaa saa mbili usiku si wakati wa kujifunza kitu kipya.

Fundi_Kibuye
Dada, kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi kesho asubuhi. Washa mashine, ikishafunguka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itakuja orodha yenye safu za CPU, Memory na Disk. Sasa fungua Publisher na zile picha zako, uangalie ni safu gani inafika 100% na kukaa hapo. Kama ni Disk, na CPU inacheza chini chini, basi processor yako haina shida. Inangoja diski. Diski ya kuzunguka ina sindano inayotafuta data huku na huku juu ya sahani, na Windows 10 inaiuliza mambo mengi kwa wakati mmoja. Laptopu za namna hiyo zinaletwa kwangu kila wiki, mwenyewe akiapa imekufa.

Ikiwa ndivyo, weka SSD kabla ya Juni. Lakini usinunue yoyote tu. 840 G3 ina nafasi mbili: ile ya inchi 2.5 ambapo diski yako imekaa, na nyingine ndogo ya M.2. Mafundi wengi watakuwekea ya inchi 2.5 kwa sababu ni kuchomoa na kuchomeka. Wewe itisha M.2 ya NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi. Sababu ni kwamba ukija kununua 840 G5, toleo la baadaye la hiyo yako, haina nafasi ya inchi 2.5 kabisa, lakini NVMe yako itaingia. RAM yako pia ni DDR4 ya vipande, inahamia G5 au T480 bila shida. Kwa hivyo pesa ya leo haipotei. T480 nyingine zinakuja bila kishikio cha NVMe, hiyo uliza dukani.

Diski yako ya zamani inabaki ndani, unaweka nakala za kazi. Windows na Publisher tunazihamisha zilivyo, huanzi upya.

Ja_Kisumo
Fundi, kwani unamwambia akae na Windows 10? Msaada wa Microsoft uliisha Oktoba 14, 2025. Na processor ya G3 ni Intel kizazi cha 6, Windows 11 inataka cha 8 kwenda juu.

Fundi_Kibuye
Sijasema akae nayo milele. Nimesema avuke Juni.

Mwalimu_Mbale
Hapo kwa Windows mnapita haraka. Huyu mama anaandika nywila za KRA na eCitizen za watu wengine siku nzima, na nakala za vitambulisho zimejaa kwenye folda ya Downloads (najua, saiba zote ziko hivyo). Kitu kikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitauliza kama diski ilikuwa polepole.

Njia ipo. Microsoft wana mpango wa kuendelea kutuma masasisho ya usalama kwa Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026. Nenda Settings, kisha Windows Update, utaona mahali pa kujiandikisha. Ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali ihifadhi mipangilio yako, hulipi. Usipotaka hivyo ni dola 30. Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Kwa hivyo tarehe yako halisi ya kununua si Juni wala Novemba, ni kabla ya hiyo Oktoba. Ukingoja ofa za shemeji utakuwa umekaa mwezi mzima mlango wazi.

Na kuhusu Publisher, nasikitika kukuletea habari hii: Microsoft wanaacha kuiunga mkono Oktoba hiyohiyo. Ile iliyonunuliwa mara moja itaendelea kufunguka, lakini wenye Microsoft 365 hawataweza kufungua faili zake. Anza kuhamishia violezo vyako vya mazishi kwa Word kidogo kidogo, na kazi zilizokamilika uzihifadhi kama PDF.

Mkulima_Bungoma
Mimi ningechukua desktopu ex-UK, ni rahisi zaidi na haiibiwi kwa mkoba.

SaibaLuanda
@Mkulima_Bungoma stima ya hapa ikipotea katikati ya kazi, laptopu inanipa nafasi ya kusevu. Na mvua hizi za jioni na radi zake, nachomoa kila kitu ukutani kukianza kunguruma na naendelea na betri. Desktopu hapana.

Sasa Fundi, nimefanya ulivyosema. Disk ilipanda 100% na ikakaa hapo hadi nikachoka kuangalia. CPU ilikuwa haifiki hata 30. Kwa hivyo naweka SSD. Mwalimu, nimejiandikisha, imekubali bila pesa. Ikifika Julai nikiwa na pesa ya ritani, niangalie nini nikienda kununua?

Fundi_Kibuye
Processor ya kizazi cha 8 au zaidi, na RAM ya kuchomeka. Nyembamba nyingi za kisasa RAM imeunganishwa na bodi, ukinunua 8GB umezikwa na 8GB.

Dukani usiangalie ung'aro. Izime, uiwashe ukibonyeza F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad, uingie BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji hana, ondoka, hata akikupunguzia. Ikikuonyesha jina la kampuni fulani ya Ulaya wakati wa kuingia Windows, ondoka pia, hiyo bado ina mwenyewe. Kisha fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti inayotokea. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, hiyo betri inakaribia kwisha, mwambie muuzaji apunguze bei. T480 nyingi zina betri mbili, moja ndani na moja nyuma ya kuchomoa, angalia zote. Kwa mambo yako ya stima hiyo ndiyo ningependelea: ya nyuma unabadilisha mashine ikiwa inawaka.

Nakuru_Mjini
Na itisha risiti yenye namba ya mashine, si kikaratasi.

SaibaLuanda
Nimeshukuru nyote. Fundi, nikuletee lini? Jumapili ndiyo siku ninayofunga.

Fundi_Kibuye
Jumapili niko kanisani hadi saa saba, njoo saa nane. Beba chaja, na nywila ya Windows uwe unaikumbuka. Bei nakutumia inboksi, hizi zinabadilika kila wiki.